Karani wa Mizani, Katumba

Mimi ni karani wa mizani, kituo cha chai, Katumba.
Miaka kumi na minne nausoma mshale.
Mkulima akileta majani ya mvua nakata kilo ya maji,
nakata na uzito wa gunia,
naandika kinachobaki.
Hesabu haikuwahi kunishinda
mpaka Machi, Mbeya, dirisha la dawa,
mfamasia aliponiambia: nusu.
Asubuhi nusu, usiku kimoja.
Kidonge chenyewe hakizidi punje ya hindi.

Kwenye kadi ya Ipyana daktari ameandika maneno mawili marefu
na mbele yake kiulizo.
Nilikiona kiulizo kabla sijayaona maneno.
Nikasema, Daktari, kwetu risiti yenye kiulizo hailipwi.
Hakucheka. Mwanamke mwembamba, koti limetoboka kiwikoni.
Akasema: Mtoto ana miaka tisa. Kwa umri huu
jina la ugonjwa ni kigingi, baba Ipyana.
Tunafunga kamba tusipotezane.
Kigingi si ng'ombe. Malisho yakihama, tunang'oa.

Mke wangu hakukitaka kigingi.
Alitaka kujua nani alikuwa akizungumza na mtoto
usiku ule tulipomtoa kwenye migomba, miguu mitupu,
akisema chini ya udongo kuna watu wanasoma majina yetu.
Dada yake alikuwa na jibu, na nauli ya Kyela mkononi.
Mchungaji alikuwa na jibu.
Mwalimu wa darasa la tatu: utundu, na fimbo ipo.
Wote majibu yao hayakuwa na kiulizo.
Nikaanza kukipenda cha daktari.

Wiki ya kwanza alilala.
Wiki ya pili alikula: ndizi, parachichi, makande ya jana,
ndizi za jirani.
Udenda ukalowesha mto.
Nyumba ikanyamaza mpaka tukaisikia tena mvua kwenye bati,
mvua ya huku, isiyokatika, na bado
sijui tangu lini tulikuwa hatuisikii.
Syabumi akasema: Wamenipa mtoto aliyetulia.
Wangu yuko wapi?
Sikujibu. Nilikuwa na wembe, nakata kidonge.
Nusu moja ikatoka kubwa kuliko mwenzake
nikabaki nazo kiganjani
kama mwizi wa mizani.

Nikachukua daftari, nikachora kama la kazini.
Tarehe. Saa alizolala. Alichokula. Mikono inatetemeka, haitetemeki.
Safu ya mwisho sikuipa jina,
humo naandika tu alichosema.

Juni nne: Baba, wale wa chini wamepunguza sauti.
Juni tisa: hakusema kitu.
Juni kumi na moja: Shati hili linawasha.
(Nilifurahi kutwa nzima kwa lile shati.)
Juni kumi na nane: Mbona mnaniangalia nikila?

Daktari alilisoma lote, kidole juu ya kila mstari,
akarudi kwenye shati, akatabasamu,
akapunguza kile cha usiku.
Kiulizo hakukifuta.

Jana katoka shule, kaja kituoni.
Foleni ya magunia imeisha, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa.
Kabla sijamkataza ameruka, kadaka ndoano ya mizani kwa mikono miwili,
ananing'inia kama gunia lenye magoti,
anacheka mshale unavyoyumba.
Thelathini na moja. Januari alikuwa ishirini na sita.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kitabuni,
kata maji, kata gunia,
kalamu ikagoma.
Gunia hapa ni lipi?
Kilo ngapi ni za kidonge, ngapi za ugonjwa,
ngapi ni za mvulana tu, anayekua?

"Umeandika ngapi?"
Thelathini na moja, nikasema, lakini una viatu.
"Usivikate," akasema, bado yuko juu.
"Navyo ni vyangu."